Jezi Zilizotangulia Filimbi ya Mwisho

Jofrey, atakayekalia kiti changu kuanzia mwezi ujao, ameniomba niwaandikie kurasa chache za kumbukumbu ninyi mnaokuja nyuma yangu. Alitaka ziwe za kutia moyo. Nimemwambia nitaandika, ila tangu Jumamosi nina hasira, na sijui kuandika kwa moyo wa kuazima. Atakayetaka kutiwa moyo ana simu yake, humo wamejaa wahubiri.

Kwa wasionijua, mimi ni Restituta, Mama Neema, mzaliwa wa Morogoro. Kwa miaka ishirini na mitatu nimewanunulia jezi wafanyabiashara wa Kariakoo nikiwa hapa Guangzhou. Nachagua kitambaa, nakagua sampuli, nahesabu katoni, nasindikiza kontena hadi Huangpu mpaka nione linapokelewa bandarini. Vyeo nilivyopanda sitavieleza, kwa sababu havikuwa virefu kiasi cha mtu kuanguka akaumia. Mshahara pia tuuache ulipo.

Jumamosi mlinifanyia chakula cha kuniaga, kule kwenye mgahawa wa halali nyuma ya mtaa wa Zhanxi. Jofrey akasimama na kifurushi, akanikabidhi. Ndani mlikuwa na jezi ya rangi ya machungwa ya timu yangu, Siafu, na kifuani imedariziwa kwa uzi mweupe: SIAFU MABINGWA. Jofrey akasema, "Mama Neema, hii ni kumbukumbu ya lile kontena la Mzee Nuksi." Meza nzima ikacheka, hata walioingia ofisini mwaka huu. Nami nikacheka. Nimekuwa nikikicheka kicheko hicho kwa miaka tisa, lakini Jumamosi kilinichosha, nikasukuma kando sahani ya wali. Mnamcheka mtu msiyemjua kwa kosa asilolifanya. Kwa hiyo kaeni chini niwaeleze, maana kazi yote mnayoifanya hapa aliianzisha yeye.

Jina lake ni Mzee Sefu, mtu wa Unguja. Ndiye aliyenipokea siku ya kwanza pale stesheni ya Liuhua, nikiwa na sanduku moja na imani kwamba Kiingereza changu kitanitosha. Alikuwa amevaa kofia ya mkono na raba nyeupe, na tepi ya kupimia imening'inia shingoni kana kwamba ametoroka cherehani. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza, "Wajua kukataa?"

Nikamjibu kwamba najua.

"Hujui. Uso wako ushakubali. Hapa neno la kwanza utakalolisikia ni meiyou. Maana yake hakuna. Ukiambiwa meiyou usiondoke, kaa. Mara nyingi kipo, ila hawajakupenda bado."

Wiki yangu ya kwanza nzima hakuniruhusu kununua hata soksi. Alinikalisha sakafuni na mizani ndogo ya jikoni nipime uzito wa fulana moja moja. Kiwanda hukupa mzigo wa kwanza wenye kitambaa kizito, ukishawaamini wa pili unakuja mwepesi, na macho hayaoni tofauti hiyo, mizani inaiona. Alinifundisha kulowesha kitambaa cheupe na kusugua jezi nyekundu, nione kama inachuja rangi, kabla ya kuzungumza bei. Alinifundisha kuvuta mshono wa kwapani, si wa begani, kwa kuwa begani kila fundi hushona vizuri akijua ndiko mnunuzi anakoangalia. Mpaka leo nikipeana mkono na mtu, jicho langu huenda kwapani. Nimekwisha omba radhi kwa watu wengi.

Alikuwa shabiki wa Korongo, mahasimu wetu wakubwa. Ofisini tulitaniana kutwa. Nikichelewa aliniambia siafu wamechoka kutambaa, naye akipiga chafya nilimwambia korongo amenyeshewa. Lakini kazini hakuwa na timu. Mwaka wangu wa tatu kiwanda kimoja kilitutolea jezi za Siafu, machungwa yake yakawa yamepauka kidogo, rangi ya papai lisiloiva vizuri kwa ndani. Mimi shabiki wa Siafu nilikuwa tayari kuzipokea, meli ilikuwa inangoja. Mzee Sefu akakaa kwenye kile kiwanda siku mbili, amekunja miguu juu ya kiti cha plastiki, mpaka wakazitia rangi upya. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa kwa ajili ya jezi za adui, alinijibu, "Wakivaa rangi ya kufifia nitachekwa mie niliyeikagua." Huyo ndiye mnayemwita Nuksi.

Sasa niwaeleze shughuli ya mwisho wa msimu, maana ndiko tulikovunjikia. Ligi ya nyumbani ikifika raundi tano za mwisho, Kariakoo nzima inataka jezi za ubingwa. Siku bingwa anapopatikana watu wananunua kwa wazimu kwa siku mbili tatu, kisha basi. Meli kutoka hapa hadi Dar es Salaam huchukua mwezi na ushee. Ina maana unaagiza nguo ya kusherehekea jambo ambalo bado halijatokea. Kwa hiyo Mzee Sefu alikuwa na kanuni moja: kifua kiachwe wazi. Tusafirishe jezi za rangi ya timu bila maandishi, na jioni ya ushindi vijana wa Kariakoo wabandike maneno kwa mashine zao za moto. Alipenda kusema, "Usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa."

Mimi kanuni ile ilinikera. Maandishi yaliyobandikwa Kariakoo yalibanduka kwa fua mbili, na wateja walitutukana sisi. Nilitaka darizi safi ya hapa. Laoban Lin, mama mwenye kiwanda tulichokitumia zaidi, alikuwa pia anashona kofia za besiboli za Wamarekani, nao wana kinyang'anyiro chao kila msimu unapoelekea ukingoni. Nilimuuliza wao hufanyaje. Akanieleza kwa Kichina cha polepole na kikokotoo mkononi kwamba wateja wake huagiza kofia za ubingwa za timu zote mbili, na za aliyeshindwa hazionyeshwi mtu yeyote. Nikamwambia sisi hatuna uwezo wa kutupa nusu ya kontena. Akacheka, akasema, "Basi subirini." Hata yeye, asiyejua kama Siafu ni timu au ni dawa ya mbu, alikuwa na akili kunizidi.

Lakini wiki za mwisho za ligi humharibu mtu akili, na ninawaambia kama mgonjwa wa siku nyingi. Unaamka unapiga hesabu. Sisi tukishinda mbili, wao wakitoka sare moja, na yule mwenyeji wa Mbeya akikaza. Unaanza kupenda timu ambazo hujawahi kuzijali, kwa sababu tu wiki hii wanacheza na hasimu wako. Na kuongoza ni kubaya kuliko kufukuza. Anayefukuza ana kazi moja ya kukimbia, anayeongoza anakimbia huku anageuka nyuma. Msimu ule Siafu tulikuwa mbele kwa pointi nane na mechi zimebaki tano. Sikuwa nageuka nyuma. Nilishaimba.

Bosi wetu alikuwa Dar, naye Siafu kupindukia. Alinipigia simu mimi, akamruka Mzee Sefu.

"Resti, mambo ya jezi vipi?"

"Ziko tayari, Bosi. Vifua vitupu, kama kawaida."

"Pointi nane, Resti. Mnasubiri nini?"

Hakusema dariza. Hakusema usidarize. Mabosi wa namna hii nawajua sasa, maneno yao yana mlango wa mbele na wa nyuma, na mambo yakiharibika wanatokea ule wa nyuma.

Kiwanda hapa hakigusi sindano bila muhuri. Saini yako andika mpaka wino uishe, haina uzito, wanachotaka ni ule muhuri mwekundu wa duara juu ya karatasi ya oda. Wa ofisi yetu ulikuwa kwenye droo ya Mzee Sefu. Kila Ijumaa akienda msikitini aliniachia ufunguo, nipige mihuri kwenye karatasi ndogondogo za katoni na usafiri. Ijumaa ile, saa saba mchana, alipoondoka nikaandika oda ya darizi, nikafungua droo, nikaupiga muhuri. Nilikuwa na furaha, niseme kweli. Kufikia jioni mashine za Laoban Lin zilikuwa zinadariza neno MABINGWA, na nikajiambia mzee atalijua tukishatwaa kombe, tutacheka wote.

Alilijua siku nne baadaye, Huangpu, tulipofungua katoni moja kukagua kabla ya kontena kufungwa. Alisoma kifua, akanitazama.

"Nani kafanya hivi?"

"Mzee, pointi nane," nilisema.

"Sijakuuliza pointi."

Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumeshatoka sare, na Korongo wameshinda, kwa hiyo hata nane zenyewe zilikuwa sita. Alitaka kulizuia kontena tukafumue uzi. Wakala wa bandari akasema bu xing, haiwezekani, nafasi kwenye meli imeshakatwa. Kontena likaenda. Mzee Sefu hakunifokea. Njia nzima ya kurudi mjini alitazama dirishani, na Ijumaa iliyofuata hakuniachia ufunguo.

Meli ikiwa baharini, tukaanza kuanguka. Tukafungwa. Tukashinda moja, nikafufuka. Tukafungwa tena. Siku ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi mbili, tunacheza na timu iliyokwisha shuka daraja, watu waliokuwa wamefungasha mabegi yao. Mechi zote zilipigwa saa nane mchana kwa saa za nyumbani, huku ni saa moja jioni. Nilisikiliza redio ya kwenye simu, sahani ya tambi mbele yangu. Tukaongoza moja bila. Dakika za mwisho beki wetu, mtu mzima mwenye watoto, akaudaka mpira kwa mkono ndani ya boksi kana kwamba ni kipa. Penalti, moja moja. Korongo kule kwingine wakashinda manne bila. Pointi zikalingana, wakatwaa kwa tofauti ya mabao. Beki yule mpaka leo nikimwona kwenye televisheni anachambua mpira nazima.

Kontena likafika Dar wiki hiyohiyo. Katoni kwa katoni za mabingwa wa kitu ambacho hakikutokea. Picha zikasambaa kwenye simu nchi nzima. Korongo wakacheka mpaka wakalia, na Siafu, badala ya kumuuliza yule beki kwa nini ana mikono, wakaanza kutafuta nani aliyetia nuksi. Hilo ndilo linalonichoma kuhusu mashabiki wenzangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tulipokuwa mbele kwa pointi nane walikuwa wanatucheka sisi waoga tusioandika ubingwa mapema.

Bosi akapanda ndege akaja. Tulikaa watatu, yeye, Mzee Sefu na mimi, kwenye chumba hichihichi mnachotumia kunywea kahawa. Akaweka karatasi ya oda mezani.

"Muhuri huu unatunzwa na nani?"

"Na mie," alisema Mzee Sefu.

"Na wewe mzee ni timu gani?"

Mzee Sefu alinigeukia, akanitazama, si kwa ukali, alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nilikuwa na birika mkononi. Nikammiminia Bosi chai.

"Korongo," alisema.

"Basi tumeelewana," Bosi akasema. "Umetuandikia ubingwa ili ututie nuksi. Mtu mzima na kofia yako ya swala."

"Hapana," alisema Mzee Sefu. "Ila muhuri n'wangu, na mwenye muhuri ndiye mwenye kujibu." Akanitazama tena. Bosi akaomba sukari. Nikampa sukari.

Siku sita baadaye aliondoka Guangzhou na begi moja, baada ya miaka mingi kuliko hii yangu. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi la uwanja wa ndege, na hata pale sikusema. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba niliogopa kufukuzwa, kwamba Neema alikuwa shule, kwamba kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha. Vyote vilikuwa kweli, na vyote ni visingizio. Nilichokiogopa hasa ni mashabiki. Niliogopa kuitwa shabiki wa Siafu aliyeiua Siafu kwa mkono wake. Kwa ajili ya matani ya kijiweni nilimwacha mwalimu wangu abebe jina la uchawi. Nikiandika hapa najisikia kutaka kumzaba kofi mwanamke yule mwenye birika, na ubaya ni kwamba siku zote yuko karibu.

Jezi zile, kwa faida ya wanaopenda kujua, zilifumuliwa uzi, zikabaki na vitundu, zikauzwa bei ya matambara mikoa ya mbali. Chache zilibaki nzima. Moja Jofrey aliihifadhi ili anizawadie.

Jumapili, siku moja baada ya ninyi kuniaga, nikampigia simu Mzee Sefu. Miaka tisa tulikuwa tunatumiana salamu za Idi na za Krismasi tu, maneno mawili matatu. Yupo Unguja, anatengeneza zipu za mikoba na mabegi.

"Mzee Sefu, shikamoo."

"Marahaba. Restituta. Umechelewa kama kawaida yako."

Nikamweleza kuhusu chakula, jezi na kicheko. Kisha nikasema, "Ule muhuri niliupiga mimi."

"Najua. Ufunguo n'likupa mie."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"N'lidhani utasema wewe. N'likungojea mle chumbani, nikakungojea mpaka kwenye basi. Halafu nikenda zangu."

Nikamwomba anisamehe. Nilisikia akiweka kitu cha chuma juu ya meza.

"Nikwambie kitu usichokijua," alisema. "Siafu kunitukana si neno, n'shazoea. Walonimaliza ni Korongo wenzangu. Siku ile n'liporudi walinipokea kwa ngoma. Wanipa chai, wanipa mkono, ati mzee katuletea kombe. Nawaambia sikufanya, wananikonyeza. Sasa kila msimu ukifika ukingoni wananijia hapa dukani na jezi za timu za wapinzani wao, wanataka nizishike zipate nuksi. Nizishike tu, Restituta. Na mwaka huu washaanza. Mie mtu wa msikiti, mjukuu wangu kaniuliza kama kweli babu ni mchawi."

Nikarudia kuomba msamaha, kwa sababu mtu asiye na jipya hurudia la zamani.

"Sikusamehe leo," alisema. "Msamaha wa kwenye simu wanisaidia nini mie? Hao walocheka Jumamosi wajua? Kariakoo wajua? Ligi imebakisha mechi mbili. Andika, utie jina lako, wasome kabla filimbi ya mwisho haijalia. Baada ya hapo unipigie, tutazame."

Ndiyo maana kurasa hizi hazina ushauri mwingine wa kazi. Jofrey, najua utataka kuzipunguza. Usipunguze. Leo hii nazituma mwenyewe kwenye kundi la wafanyabiashara wa Kariakoo, la Siafu na la Korongo, na kwa Bosi pia, nami sitegemei ajibu.

Oda ya darizi ya jezi zile niliiandika mimi. Muhuri niliupiga mimi, Restituta, Mama Neema, shabiki wa Siafu, Ijumaa saa saba mchana, Mzee Sefu akiwa msikitini. Hakujua. Mwenye jezi ya kutiwa nuksi kabla ya mechi mbili hizi asimsumbue mzee wa watu dukani kwake. Aniletee mimi, Alhamisi nitakuwa nimeshatua Dar.